Mwamba Uliojua Saa ya Sala

1

"Hivi, Mama Lugano, jiwe nalo huumwa?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Subilaga, mwaka wa kwanza nilipoanza kazi ya mkono pale kisimani. Tulikuwa barazani kwake, kitongojini Lupembele, tunachagua parachichi za kupeleka ghalani. Nikamjibu kwamba jiwe likikandwa kila upande nadhani huumwa, ila halina pa kulalamikia.

"Basi lipelekee vidonge. Si wewe ndiye nesi wake?"

Tukacheka. Subilaga ni mtu wa kusema. Mumewe huapa kwamba hata usingizini huwa anajibizana na mtu.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya dole gumba. Miaka kumi na tisa ghalani, tangu nilipofiwa na mume wangu, nilikuwa nabonyeza parachichi na kusema hii bado siku tatu, hii kesho, hii imeoza karibu na kokwa, wala sikuliachia alama tunda la mtu. Kampuni ya jotoardhi ilipofika ilitafuta mikono ya namna hiyo. Haikuwa kwa hiari yao. Sheria ya Mkono ilishapita bungeni, baada ya yale ya Bonde la Ntanga, ambako mashine ziliandika "salama" mpaka dakika kilima kilipowakalia watu. Toka hapo ikaamriwa kwamba kisima chochote kisisukume hewa ukaa chini ya miguu ya watu, mpaka mkazi anayelala juu ya mwamba huohuo aupime kwa mkono wake kila siku isipokuwa Jumapili, kisha aweke dole gumba kwenye karatasi kwamba umetulia.

Nieleze kidogo. Maji ya moto hupanda kwa kisima cha kwanza, yanazungusha mitambo ya umeme. Yakipoa huchanganywa na hewa ukaa inayoletwa kwa bomba kutoka kwenye matanuri ya saruji, yanarudishwa chini kwa kisima cha pili, mita elfu mbili na mia tatu. Huko, ndani ya jiwe jeusi, ile hewa hugeuka jiwe jeupe na kukaa. Ni kazi njema, sikuwahi kuipinga. Lakini unachokisukuma ndani nacho husukuma, na chini ya Lupembele unapita ufa mkuu, mrefu kuliko barabara ya kwenda wilayani. Kwa hiyo katika shimo lile walibandika kikombe cha chuma chenye vifungo pande zote. Vifungo hivyo husikia mwamba unavyobana, kikombe kinapeleka habari juu, na juu kuna kibanda chenye meza, kiti, na glavu nene iliyojaa maji mazito. Mwamba ukibana upande wa ziwa, glavu inabana dole gumba. Ukibana upande wa mlima, inabana kidole cha mwisho. Uzito wa juu unakaa kiganjani.

"Chochote kikibadilika, sema," niliambiwa. Hayo ndiyo mafunzo yote.

2

Injinia wa kisima ni Ambakisye, mtoto wa dada yangu. Dada alipokuwa anafariki alichukua mkono wa mtoto huyo, akiwa na miaka sita, akauweka ndani ya wangu, asiseme neno. Nikamlea pamoja na Lugano wangu. Mpaka leo huniita mama mdogo hata mbele ya wageni wenye tai, nami nilikuwa nalionea fahari jambo hilo.

Mwezi wa kwanza wa kazi nilimuuliza kwa nini glavu inatuna na kunywea mara mbili kwa siku, pole pole, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Ni mwezi, mama mdogo. Unavuta bahari, unavuta na mwamba. Mwamba unanyanyuka na kushuka, na kila siku unachelewa kama dakika hamsini, vile mwezi wenyewe unavyochelewa kuchomoza. Lakini hilo huonekana kwenye mchoro wa kompyuta tu. Mkono wa mtu hauwezi kulisikia. Umesikia damu yako mwenyewe ikipiga."

Sikubishana naye. Ghalani nilishazoea kuambiwa na wasomi kwamba nilichohisi sikukihisi.

Ila tangu siku hiyo, kila mwamba ulipovuta pumzi ndani ya zamu yangu, nilisali zaburi moja. Kisha kwa mkono wa kushoto nikaandika kwenye daftari la umoja wa wanawake, kurasa za nyuma: siku, saa, namba ya zaburi. Hakuna aliyeniuliza naandika nini. Walidhani ni mahudhurio. Nilijua pia mwamba unavyokuwa pampu ikizimwa, maana ilizimwa mara mbili kwa matengenezo mkono wangu ukiwa ndani. Hulegea palepale, kama mtu aliyetua debe la maji kichwani.

Sasa sikiliza daftari lilivyosema wiki moja ya kiangazi, mwaka wa nne. Jumatatu, saa mbili na dakika ishirini, zaburi ya mia na ishirini na moja. Jumanne, saa tatu na dakika kumi, zaburi ya arobaini na sita. Jumatano, saa nne kamili, na kengele ya kila siku ya maombi ya akina mama ikawa inalia kule kanisani. Nikafurahi kusali pamoja na wenzangu ingawa niko mbali nao.

Alhamisi, saa nne kamili. Kengele na glavu vikaenda pamoja.

Ijumaa, vilevile. Jumamosi nilipofumba macho machozi yalinitoka, nikautoa mkono kabla ya wakati ili nijifute. Nikasema moyoni, Bwana, hata mwamba umeufundisha saa ya sala.

Jumapili huwa naruhusiwa. Nilisimama mbele ya kanisa zima nikashuhudia. Wanakwaya wakaitikia, mchungaji akafuta miwani yake. Safu ya pili alikaa Subilaga, ambaye wiki hiyo alikuwa ameshaezua mabati ya jiko ahamie kwa kaka yake kitongoji cha juu. Watu wa Lupembele walikuwa na hofu, maana Ijumaa inayokuja, mkaguzi wa serikali akiridhika, kampuni ingeanza mzigo mkubwa, hewa maradufu ya ile tuliyoizoea. Ibada ilipoisha alinishika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Kama jiwe lenyewe linasali," akasema, "mimi nahama kwenda wapi? Kwa kaka yangu mlevi yule?"

Jumatatu mabati yalikuwa yamerudi juu ya jiko. Jumanne alimleta mkwewe na mapacha wa wiki tatu wapate kulelewa kwake.

Nami nikamsimulia Ambakisye ule ushuhuda. Alikuwa anakoroga chai.

"Amina, mama mdogo," akajibu haraka haraka, yeye ambaye kanisani huingia Krismasi tu. Sukari ya chai ile ilishayeyuka zamani, naye bado anakoroga.

Niliona hilo, nikaliacha lipite.

3

Alhamisi Subilaga alipita kwenye uzio wa kisima na mkungu wa ndizi kichwani. Nilikuwa nimesimama mlangoni napunga hewa, dakika chache kabla ya saa nne.

"Nesi wa jiwe, mgonjwa kaamkaje?"

"Ametulia. Mapacha je?"

"Mmoja analia, mwingine anapumzika, halafu wanapokezana. Mlango wa chumba chao ndio umenishinda. Juzi ulikuwa unafunga, leo umegoma, unakwaruza sakafu."

"Mbao hizo. Mbao huvimba."

"Kiangazi hiki?" Akacheka, akaenda zake, ndizi hata hazitikisiki.

Nikarudi ndani nikaingiza mkono, lakini sikufumba macho. Lile neno kiangazi lilinikaa. Nikawa natazama nje mlangoni, na kule magharibi, juu kidogo ya ukingo wa mlima, nikaona mwezi wa mchana. Nusu tu, mweupe kama kipande cha muhogo, unakaribia kuzama.

Kengele ikalia. Glavu ikatuna.

Nilibaki nautazama mwezi ule mkono ukiwa ndani. Jumatano ya kwanza, glavu ilipotuna saa nne, mwezi ulikuwa umekaribia kujaa na asubuhi hauonekani mbinguni. Leo umekatika nusu na unaning'inia pale. Mwezi umetembea siku zote nane. Umechelewa dakika hamsini, na hamsini, na hamsini, kama kawaida yake. Kwa hesabu hiyo mwamba ulipaswa kuvuta pumzi alfajiri, kabla sijaamka. Saa hii ulipaswa kuwa unanywea.

Sikuutoa mkono. Nilifungua daftari kwa kushoto, Jumatano ile ya kwanza. Chini ya namba ya zaburi nilikuwa nimeandika: *saa nne na dakika tisa, wapasua mawe, baruti mbili.* Kweli, siku hiyo machimbo ya kokoto yalilipua mara mbili, nikasikia kwa masikio na kwa kidole cha mwisho. Siku zilizofuata sikuwahi kungoja dakika hiyo. Nilikuwa nikimaliza sala natoa mkono nijifute machozi.

Nikangoja sasa. Dakika ya tano. Ya saba. Nje kimya, machimboni hakuna moshi wala king'ora.

Dakika ya tisa kidole cha mwisho kikagongwa. Kikagongwa tena.

Sikuwa nimeshika mwamba. Nilikuwa nimeshika Jumatano.

4

Nilimkuta Ambakisye kwenye kontena la mitambo, baada ya zamu. Nilifunga mlango, naye akaona nimeufunga.

"Kikombe kimekufa lini?" nikauliza.

Nilitegemea akane. Aliketi tu, akavua kofia ya kazi.

"Jumatano usiku. Joto limekiunguza. Nani amekwambia?"

"Mwezi."

Alinitazama kama mtu anayetafuta kama nina homa. Nikamwekea daftari mezani. Akasoma ukurasa mmoja, akarudi nyuma, akasoma mwingine. Uso wake ukabadilika pole pole.

"Ulikuwa unausikia," akasema. "Muda wote huu."

"Uliniambia siwezi."

"Mama mdogo, sikiliza. Kubadilisha kikombe ni lazima pampu zizimwe miezi mitatu. Miezi mitatu kampuni haingoji, inahamia bonde jingine, na umeme unaondoka nao. Wodi ya watoto njiti pale wilayani unajua inaendeshwa na nini. Presha za mdomoni mwa kisima nazitazama kila saa, ziko vizuri. Ukaguzi ukipita kesho, mwezi ujao nasema kikombe kimeharibika, tunatengeneza kwa utaratibu. Sijaongopa jambo kubwa. Nimechukua siku nzuri nikairudia."

"Mwamba umetulia?"

"Naamini umetulia."

"Sikukuuliza unaamini nini. Kuamini ni kazi yangu mimi. Wewe nilikusomesha ujue."

Shingoni mshipa ulikuwa unampiga, palepale ulipokuwa ukimpiga utotoni akiwa amevunja kitu.

"Sijui," akasema mwishowe. "Tangu Jumatano ile hakuna mtu anayejua."

"Na kesho mnaongeza mzigo maradufu."

"Presha za mdomoni..."

"Mlango wa Subilaga haufungi, Ambakisye."

"Mlango?"

"Wa chumba cha mapacha. Ulikuwa unafunga."

Alitaka kusema ni mbao, si ardhi. Niliona neno linafika midomoni, likarudi. Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa naliogopa tangu dakika ile ya tisa.

"Ukisema nafungwa. Sheria ya Mkono ni miaka kumi, haina faini. Weka dole mara moja tu, mama mdogo. Mara moja. Baada ya hapo nitazima mwenyewe."

Nikachukua daftari langu. Mlangoni nikamuuliza kama amekula mchana, akasema bado. Nilikuwa na viazi kwenye kikapu, nikamwachia.

Jioni ile nilipiga magoti mpaka yakafa ganzi. Nimezoea kujibiwa. Sijivuni, nimezoea tu. Sikujibiwa. Kila nilipofumba macho niliona mkono wa dada ukiweka mkono wa mtoto ndani ya wangu, na nikajiuliza kama alinikabidhi nimfiche au nimlee. Halafu nikawafikiria wale mapacha wanaopokezana kulia. Mama yao hakuletwa Lupembele na kampuni, wala na Ambakisye. Aliletwa na mdomo wangu, mbele ya madhabahu. Hilo halikuwa la kumwambia mkaguzi peke yake.

Nikatambua pia kwamba hakuna mwingine atakayeligundua. Nisiposema, Jumatano ile inaweza kurudiwa mwaka mzima, kengele inalia, glavu inatuna, na watu wa Mungu wanaitikia.

5

Mkaguzi alikuja Ijumaa saa tatu na nusu, mwanamke mrefu, Bi. Namkunda Msangi, na begi la karatasi. Sheria inataka pia awepo shahidi wa kitongoji. Lupembele walikuwa wamemchagua Subilaga, kwa sababu haogopi wakubwa. Alikuja na kanga mpya, akaketi kwenye benchi ukutani, akanikonyeza. Ambakisye alisimama karibu na swichi ya pampu. Hakuwa amelala.

"Mama, karatasi hii hapa, wino huu," akasema mkaguzi. Alikuwa mpole, lakini jicho liko kwenye saa. "Weka dole tumalize, nina visima viwili vingine leo."

"Kabla ya dole, mheshimiwa, naomba glavu uivae wewe."

"Mimi si mkazi. Mkono wangu hauna nguvu kisheria."

"Najua. Lakini una mishipa."

Subilaga akaguna kicheko. Mkaguzi alinitazama, akamtazama injinia, na nadhani kilichomfanya avae ni vile injinia alivyokuwa anatazama sakafu. Nikamfunga mkanda wa kifundo mwenyewe.

"Unasikia nini?"

"Kunabana. Kiganjani zaidi."

"Mtu akitua debe la maji shingo yake hulegea. Pampu ikizimwa mwamba nao hulegea papo hapo." Nikageuka. "Zima pampu, mwanangu."

"Mama mdogo," akasema. Hilo tu.

"Zima."

Alimtazama mkaguzi. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa kumruhusu, taratibu, kama mtu ambaye ameanza kuhesabu kitu. Ambakisye akashusha swichi. Ule mngurumo tulioishi nao miaka minne ukakatika, na tukaanza kusikia kuku wa Lupembele.

"Kumelegea?" nikauliza.

"Hapana." Akasubiri. "Hapana. Ni vilevile."

"Sasa ni saa nne kasoro dakika moja."

Subilaga alikuwa ameacha kutabasamu. Kengele ya akina mama ikalia kule kanisani, na nikaona mabega ya mkaguzi yakishtuka.

"Inatuna," akasema.

"Inatuna, na pampu imelala. Ngoja dakika tisa. Kitakugonga kidole cha mwisho mara mbili. Ni baruti za Jumatano ya wiki iliyopita."

Dakika tisa ni nyingi. Nikalifungua daftari nikaliweka juu ya ile karatasi yake, nikamwonyesha saa zinazotembea, kisha saa zilizosimama. Alisoma mkono mmoja ukiwa bado ndani. Alipofika ukurasa wa mwisho ikawa saa nne na dakika tisa, akaushika mkono wa glavu kwa ule mwingine, kama aliyeungua. Hakuuliza maana yake. Aliniuliza tu kama vile vishindo vilikuwa viwili au vitatu.

"Viwili," nikasema.

"Viwili," akasema.

Akavua glavu. Akamwambia Ambakisye pampu isiguswe na kwamba asiondoke eneo la kisima. Ambakisye akaketi chini palepale kwenye saruji, miguu mbele, kama alivyokuwa akiketi mlangoni kwangu akinisubiri nirudi ghalani. Sikumwendea. Bado lilibaki langu.

"Subilaga," nikasema.

Alikuwa amesimama.

"Kikombe kimekufa toka Jumatano ya wiki iliyopita. Jumapili niliposimama kanisani mwamba sikuwa nao. Nilikuwa na siku moja iliyorudiwa. Hakuna anayejua huko chini kukoje, hata huyu hajui. Nilikudanganya bila kujua, na jana, nilipojua, nikalala nalo."

"Tangu jana saa ngapi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo.

"Saa nne na dakika tisa."

Alinitazama. Nilikuwa namngoja aseme. Anitukane, anicheke, aniulize kama jiwe limepona. Miaka ishirini na saba ya ujirani sijawahi kumaliza sentensi bila yeye kuniongezea yake. Nilitamani hata matusi.

Akavua kanga ya mabegani, akajifunga kiunoni, fundo moja, la kazi, akatoka. Nikamfuata mpaka mlangoni. Alishika njia ya Lupembele akitembea, kisha hatua zikawa ndefu, kisha akakimbia, na hakugeuka.